Niuze shamba la machungwa nikasome Ujerumani?

Assalaam aleykum, na shikamoo Mwalimu.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Tanga mjini, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu. Nilimaliza shahada ya misitu SUA, Morogoro, na sasa nina mwaka mmoja na miezi minne kwenye mradi wa uhifadhi unaofanya kazi na vijiji vinavyopakana na msitu wa Amani. Mkataba wangu unaongezwa mwaka kwa mwaka. Mshahara si wa kujisifia, ila mwezi unaisha.

Mwaka jana niliomba kimyakimya nafasi ya uzamili wa misitu ya kitropiki Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani. Nimepata. Masomo ni kwa Kiingereza, miaka miwili, na ada ya masomo hakuna. Nilipomsomea mama barua alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Furaha ilipoa niliposoma masharti ya viza. Wanataka niwe na yuro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, niwe natolewa kidogo kidogo kila mwezi nikishafika. Kwa pesa yetu ni zaidi ya milioni 30. Mimi sina hata robo yake.

Marehemu baba alituachia shamba la machungwa la ekari sita, Muheza. Ndilo limetusomesha. Kuna mtu ameahidi milioni 36 taslimu. Mama anasema tuuze, elimu haiozi, machungwa yanaoza. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, naye anasema sawa, ila najua anasema hivyo kwa kunionea huruma. Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, yuko kidato cha pili, hata hajaulizwa. Mjomba, ambaye ndiye anayeliangalia shamba tangu baba afariki, amekuja juu. Anasema Wajerumani wenyewe walifunga safari kuja Amani kusoma misitu yetu, sasa mimi niende kusomea misitu ya kitropiki kwenye nchi isiyoota hata mnazi? Nirudi SUA, anasema, uzamili upo.

Rafiki yangu aliyeko Ujerumani, mji mwingine, ananiambia nisiogope, nikifika nitafanya kazi na ndani ya mwaka pesa ya shamba imerudi. Na kuna wakala Dar anasema kwa milioni nne atanishughulikia viza, akaunti na chumba, "uhakika".

Usiku nalala nikitazama picha za ule mji. Mji mdogo, baiskeli kila kona, vijana watupu, wahitimu wanapanda sanamu ya msichana mwenye mabata bukini mbele ya jumba la kale la mji na kumbusu. Najiona nipo pale. Halafu Jumamosi nakwenda Muheza, naona miti aliyoipanda baba kwa mkono wake, chakula hakishuki. Chuo kinataka jibu mwezi huu.

Niende au nisiende?

Binti wa Ngamiani, Tanga

*

Waaleykum salaam, na marahaba mwanangu. Hongera. Kigelegele cha mama kilikuwa halali yake.

Kwenda, nenda. Hilo halinipi shida hata kidogo. Kinachonisumbua ni pesa unayotaka kwenda nayo na haraka uliyonayo, na naanza na shamba kwa sababu huko ndiko kwenye moto.

Nimeisoma barua yako mwanzo hadi mwisho, neno mirathi sijaliona. Je, mliifungua mirathi ya baba Mahakama ya Mwanzo? Yuko msimamizi aliyeteuliwa, au mjomba anaangalia tu kwa kuwa ndiye mwanamume mkubwa aliyebaki? Kama haikufunguliwa, hakuna mtu kwenu mwenye mamlaka ya kutia saini mauzo ya lile shamba: si mama, si mjomba, si wewe. Na huyo mwenye milioni 36 taslimu, ama hajui hilo au analijua vizuri mno. Mauzo ya namna hiyo yanaweza kubatilishwa mrithi mmoja akienda kulalamika, na wakati huo pesa itakuwa imeshaliwa na kodi ya chumba Ulaya.

Tufanye hesabu ya faraidhi basi, mgawo wa mirathi wa Kiislamu, nikichukulia kwamba babu na bibi wa upande wa baba hawako tena. Mama ana thumni, moja ya nane. Kinachobaki ni chenu watoto, wa kiume mafungu mawili, ninyi wa kike fungu mojamoja. Fungu lako linakuja 7 juu ya 32. Katika ekari sita hiyo ni ekari moja na kipande, na kwa bei ya huyo bwana ni milioni saba na laki nane hivi. Hiyo ndiyo yako. Milioni 28 zinazobaki ni za mama na wadogo zako, na mmoja wao bado anavaa sare za shule. Fungu lake ni amana mikononi mwa mtu mzima yeyote atakayeligusa. Umeandika mwenyewe kwamba hajaulizwa. Na hata akiulizwa, mtoto wa kidato cha pili atamjibu nini dada yake mkubwa aliyepata chuo Ulaya?

Kwa hiyo mjomba ana sababu zake, hata kama anazisema kwa ukali.

Sasa tuseme mirathi imefunguliwa na wakubwa wote wameridhia. Bado hesabu haikai. Zile yuro 11,904 ni za mwaka mmoja, 992 mara miezi 12. Serikali ya Ujerumani haizichukui. Ni zako, unatolewa kila mwezi kwa matumizi, na viza ikikataliwa unarudishiwa. Lakini masomo yako ni ya miaka miwili. Kibali cha ukaazi kikikaribia kwisha, ofisi ya wageni itakuuliza upya: mwaka unaokuja utaishi kwa nini? Hapo shamba utakuwa huna tena la kuonyesha. Ongeza nauli ya ndege, yuro 75 za viza, na makoti, maana Januari ya huko si kipupwe cha Lushoto. Milioni 36 zinakufikisha katikati ya daraja.

Neno bure nalo lisikulevye. Ni kweli, jimbo la Niedersachsen, ambamo Göttingen umo, lilifuta ada ya masomo kuanzia muhula wa baridi wa 2014, na hapo umechagua vizuri. Ungechagua Freiburg au Heidelberg, miji mingine ya wanafunzi yenye sifa, ungelipa yuro 1,500 kila muhula, kwa sababu jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya tangu 2017. Ila hata Göttingen kuna mchango wa muhula, yuro mia kadhaa, na bima ya afya ya lazima ambayo kwa mwanafunzi ni zaidi ya yuro 130 kwa mwezi. Toa hiyo kwenye 992, toa chumba, toa chakula, kisha uniambie cha kumtumia mama kitatoka wapi.

Rafiki yako hakudanganyi, nikuambie ukweli. Tangu Machi 2024 sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Januari 2026 ni yuro 13.90 kwa saa. Nusu siku 280 za saa nne nne ni zaidi ya yuro 15,000 kabla ya makato. Kwenye karatasi shamba limerudi, tena na chenji.

Lakini karatasi haina mtihani wa takwimu Jumatatu asubuhi. Mwaka wa masomo wa huko ni alama 60, na kila alama moja inahesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kusoma. Piga mwenyewe: saa 1,500 kwenda juu, kisha uongeze saa 1,120 za kuosha vyombo au kupanga rafu dukani. Na hicho unachokipata hakiendi kulipa shamba, kinaendesha maisha ya mwaka wa pili, ule ambao hauna akaunti. Kuna wanaoweza. Wengi wao wanaongeza muhula mmoja, au miwili, na kila muhula unaoongezeka unataka kuonyeshewa pesa tena.

Halafu kuna jambo ambalo picha za mji wa wanafunzi hazikuonyeshi. Göttingen una watu kama 120,000. Haufikii theluthi ya Jiji la Tanga kwa sensa ya 2022. Ndani yake kuna wanafunzi zaidi ya 20,000. Utamu wake uko hapo hapo: maktaba kubwa, kantini za chuo zenye chakula cha bei ya mwanafunzi, kila kitu umbali wa baiskeli, na kwa baiskeli mtu wa Tanga hana cha kufundishwa. Shida yake nayo iko hapo hapo. Oktoba inapofika wote wanatafuta chumba wiki moja, na wote wanatafuta kazi ileile kwenye mkahawa uleule, ambako mteja anaagiza kwa Kijerumani. Kiingereza chako kitakutosha darasani, kaunta hakikutoshi. Kazi nzuri kwa mwanafunzi ni zile za ndani ya chuo, kumsaidia mtafiti maabara au kupanga data zake, na hizo wanapewa wanaojulikana tayari kwa kazi yao.

Nije kwa mjomba na mnazi wake. Nilicheka, halafu nikafikiri, kwa sababu amesema nusu ya jambo la maana. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, na bustani ya mimea waliyoiacha ni miongoni mwa kubwa zaidi zilizowahi kupandwa Afrika. Tanga ilikuwa mahali ambapo watu wa sayansi walikuja. Mti wa Maesopsis unaouona ukiusumbua msitu wa asili kule juu, bila shaka unaujua kuliko mimi, ulipandwa na watu waliokuja kujaribu. Lakini kile kilichokusanywa kiko wapi? Sampuli za mimea ya Amani ukizitaka leo uende Nairobi, ndiko mkusanyiko ulikohamishiwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Nyingine nyingi kutoka Afrika Mashariki zilipelekwa Berlin, na jengo lililozihifadhi likaungua kwa mabomu Machi 1943.

Basi kinachokupeleka Göttingen ni watu wanaojua kuuliza swali la msitu kwa miaka mingi bila kuchoka, wenye maabara na wenzao wa kuwapinga. Mfano: kuanzia 2012 hadi 2023 watafiti wa chuo hicho, wakishirikiana na vyuo vya Indonesia, walikuwa Jambi, kisiwa cha Sumatra, wakipima kinachotokea msitu wa mvua unapogeuzwa mashamba ya michikichi na mipira: udongo, wadudu, ndege, maji, hata mfuko wa mkulima. Soma matokeo yao. Utaona ni swali lilelile la vijiji vyako na chai, iliki na mikarafuu. Hiyo ndiyo maana ya chuo cha utafiti, na mwanafunzi anayefaidi ni yule anayefika na swali lake tayari. Wewe unalo, liko Amani, ndiyo maana nasema uende.

Kwa hiyo mjomba mwambie hivi, kwa adabu: tasnifu ya misitu ya kitropiki si lazima ifanyiwe chini ya miti ya Ujerumani; unaweza kurudi kukusanya data hapa. Na yeye mkubalie kwamba SUA si jalala. SUA ina msitu wake wa Mazumbai, Lushoto, mkoa huuhuu wetu, na wapo walioanzia uzamili hapo wakaenda nje kwa udaktari bila kuuza hata kuku. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, linafadhili pia watu wanaosoma uzamili na udaktari ndani ya Afrika Mashariki yenyewe.

Ile sanamu sasa. Wanaombusu msichana wa mabata ni waliomaliza udaktari, mwanangu. Wa uzamili wanapita kando na baiskeli zao. Nakutania, ila lina maana kwako: kule udaktari wa sayansi mara nyingi ni ajira ya mkataba yenye mshahara. Mlango huo nao upo, na haudai ekari ya mtu.

Ushauri wangu ni usiende mwaka huu. Najua hukutaka kulisikia hilo.

DAAD wana mpango unaoitwa EPOS, wa uzamili kwa watu wa nchi zinazoendelea walioko kazini. Mpango huo ndio unaokulipa posho ya kila mwezi, bima ya afya, na kuchangia nauli. Sharti lake kubwa ni angalau miaka miwili ya kazi inayohusiana na fani baada ya shahada, na shahada yenyewe kwa kawaida isizidi miaka sita. Wewe una mwaka na miezi minne. Umebakiza miezi minane! Watu wanakosa ufadhili huu kwa kukosa kazi ya fani. Wewe uko Amani kila siku ukikanyaga matope ya fani yako, unataka kuiacha njiani uuze shamba.

Mbivu na mbichi nikupe zote. Maombi ya EPOS mara nyingi hufungwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, kwa hiyo huenda ukaondoka na miaka 28. Bado uko salama: bima ya wanafunzi ya bei nafuu inaishia miaka 30, na kwenye ufadhili bima ni juu yao. Orodha ya programu hubadilika, isome ya mwaka utakaoomba, usitegemee ya jirani. Kama ya Göttingen haimo mwaka huo, tazama misitu ya kitropiki ya chuo kikuu cha Dresden, ambayo hufundishwa Tharandt, mji mdogo ambamo elimu ya misitu imefundishwa tangu 1811. Haina picha za kupendeza kama Göttingen. Mji usiuchague kabla ya watu watakaokusimamia.

Chuo waandikie wiki hii, barua fupi ya heshima: umefurahi, mwaka huu huna ufadhili, unauliza kama nafasi inaweza kusubiri au uombe upya. Jiandae kuambiwa uombe upya. Si msiba, vyeti vyako vimeshapita kwenye macho yao mara moja. Na Kijerumani anza sasa. Deutsche Welle, haohao wa idhaa ya Kiswahili, wana masomo ya bure mtandaoni, na mtihani ukiwa tayari Goethe-Institut iko Dar. Ukifika na lugha ya kuzungumza, hutagombea sinki la vyombo.

Mama usimwambie umekataa chuo. Mwambie umekataa kuuza. Mkalishe na mjomba pamoja, nyumbani, mchana, mbele ya wadogo zako wote wawili, na jambo la kwanza kwenye kikao liwe kufungua mirathi. Nadhani mjomba atashangaa kwamba wewe ndiye uliyelileta. Kama hayuko tayari kufungua, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi naye, kwa sababu msimamizi asiyetaka karatasi huwa na sababu.

Huyo wakala wa Dar usimpe hata nauli. Kuomba chuo umeshaweza mwenyewe. Hata vyuo vinavyopokea maombi kupitia uni-assist, huduma inayokagua maombi kwa niaba ya vyuo, ombi la kwanza ni yuro 75 na kila la ziada kwa muhula huo 30; milioni nne ni za nini? Miadi ya ubalozi unaweka mwenyewe, akaunti iliyofungwa unafungua mwenyewe, hosteli unaiomba mwenyewe kwa shirika la huduma za wanafunzi la mji siku ileile unayopata barua ya chuo. Viza anatoa ofisa wa ubalozi, na hakuna mtu wa nje anayeweza kuitolea uhakika.

Jambo la mwisho ni dogo lakini watu wengi hukwama hapo. Nenda kwa mwajiri wako sasa, wakati mnaelewana, akuandikie barua yenye tarehe halisi uliyoanza kazi, cheo chako, na kwamba ni kazi ya muda wote, na mkataba ukiongezwa upate barua nyingine isiyoacha pengo hata la mwezi. Wafadhili wanahesabu miezi.